Wote Walisema ni Gari

Baba yangu alikuwa anatangaza misiba Ujiji kwa gari. Mtu akifariki alfajiri, familia ilimjia kabla hata ya kwenda kununua sanda, kwa sababu kwetu maiti haikawizwi, na ndugu aliye Gungu au Bangwe asiposikia mapema atakutana na watu wanarudi kutoka makaburini. Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la bodi ya alumini, limetengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Alilinunua kwenye mnada wa mali chakavu za serikali, akalifungia spika mbili juu, na hiyo ikawa kazi yake hadi uzee.

Sauti yake ilikuwa nzito, tena haina haraka. Jina la marehemu alilitaja mara mbili, akanyamaza, gari likasogea kidogo, ndipo akataja nyumba yenye msiba na saa ya maziko. Akipita kwenye nyumba za wazee wa Kiha alirudia kwa Kiha. Soko la Mwanga lina kelele zake, lakini nimeona kwa macho yangu wanawake wakiacha kupima dagaa, kopo likiwa hewani, mpaka baba amalize.

Siku ya kwanza niliposikia sauti ile imekwaruza nilikuwa darasani, huko Gungu ninakofundisha shule ya msingi. Gari likapita. Watoto wakanyamaza wenyewe kama kawaida yao, ila hatukuambulia hata jina la marehemu. Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta jirani yetu amekaa na baba barazani. "Mzee, leo hatukukupata vizuri," jirani alikuwa anasema. "Hilo gari limechoka. Umeme hautoshi." Baba akaitikia kwa kichwa, akasema hata yeye ameliona hilo.

Hapo ndipo ulipoanza upuuzi wote, na mpaka leo nikiukumbuka damu inanichemka. Hakuna mtu Ujiji atakayemwambia mzee usoni kwamba sauti yake imeharibika. Ni kumvunjia heshima, tena mzee mwenyewe anaishi kwa sauti hiyo. Gari, kwa upande wake, unaweza kulisema utakavyo. Kwa hiyo wakalisema. Muuza mkaa alisema ni gari. Shangazi zangu walisema ni gari. Watu waliosali naye safu moja kila siku, wakimsikia akikohoa mpaka anashika ukuta, walitoka nje ya msikiti wakamwambia, "Mzee, hilo gari sasa liangalie."

Akaliangalia. Aliongeza spika mbili za tarumbeta, zikawa nne. Akanunua amplifaya kubwa. Watu wakasema bado hawamsikii, akafunga taa za kuzunguka juu ya paa ili angalau waone kwamba ni yeye anayepita. Gari lile lilitengenezwa liwashe taa zake na waipa, basi. Hakuna aliyelifikiria kubeba mzigo huo. Altaneta, yaani kile kidude kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kitengeneze umeme wa gari, ilikuwa ndogo na ya zamani. Ikazidiwa. Baba akitamka neno, taa za mbele zinafifia. Akinyamaza, zinawaka tena. Nilikaa naye mbele siku moja nikaziangalia zikifanya hivyo juu ya ukuta wa nyumba ya watu, nikajikuta nimeziba mdomo kwa mkono.

Nilimwambia. Mimi nina mdomo, hilo halina siri. Tulikuwa tumeegesha mwaloni pale Ujiji, boti zinapakuliwa, nikasema, "Baba, si gari. Ni koo lako. Twende hospitali."

Hakukasirika. Alinionyesha geji ya chaji kwenye dashibodi, akawasha amplifaya, akasema "tangazo" kwenye maiki. Mshale ukaanguka. "Umeona mwenyewe," akasema kwa ile sauti ya kukwangua sufuria. "Koo gani linaweza kushusha mshale, mwanangu?"

Mshale ulikuwa umeanguka kweli. Nilipomweleza mama usiku huo, alinigeukia mimi. "Usimvunje moyo baba yako. Watu wote wanasema ni gari, wewe peke yako ndiyo umekuwa daktari?" Nikaenda kulala na hasira zangu.

Halafu likatokea la mazishi. Mama mmoja wa Gungu alifiwa na kaka yake Ujiji. Gari la baba lilipita mbele ya nyumba yake na yeye alikuwa uani anafua, akasikia mngurumo tu. Alifika msibani watu wameshamwaga maji juu ya kaburi. Kesho yake alikuja kwetu, akaketi kwenye mkeka, akalia. Nilisema moyoni, huyu sasa atasema, mtu aliyekosa kumuaga kaka yake hana cha kuogopa. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akasema, "Baba yangu, nakuomba, litengeneze hilo gari." Baba alishindwa kula siku hiyo.

Fundi umeme wa magari alikuwa na kibanda chake Mwanga. Alikuwa na altaneta ya lori dogo, kubwa kama tungi, akasema hiyo itabeba vyote na chenji itabaki. Haikukaa kwenye injini. Ikabidi kishikio cha zamani kikatwe, kingine kichomelewe, puli, kile kigurudumu cha mkanda, ipangwe upya ili mkanda usiende upande. Baba alikaa kwenye kiti cha mbao pale gereji tangu asubuhi, shuka begani, akikohoa, akitazama. Alikataa jambo moja tu: nyaya za kiwandani zisiguswe. Fundi alijua kwamba altaneta kubwa inataka waya mnene. Lakini mzee amesema, na fundi naye ni mtoto wa watu. Akaacha waya ule ule mwembamba.

Uliungua njiani kuelekea Bangwe, katikati ya tangazo. Moshi ulitoka chini ya dashibodi, baba akazima injini, na gari likarudishwa likivutwa. Nilipokuwa peke yangu na fundi nilimuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anachubua waya kwa meno, akautoa mdomoni. "Dada, mimi ya waya yenyewe nimeshindwa kumwambia. Hayo mengine unayotaka niseme nitayaanzaje?" Basi alijua. Wote walijua, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa kuliko moshi.

Ukafungwa waya mnene. Sasa spika zikaanza kutoa mlio mwembamba, kama mbu sikioni, unaopanda kila mguu ukikanyaga mafuta. Jirani akapata la kusema: "Sauti yako nzuri, Mzee, inamezwa na huo mlio tu." Baba alifurahi. Nilimwona akifurahi. Kwa majuma alishinda Mwanga akifukuza ule mlio, na muda huo wote alikuwa anakonda, mkanda wa suruali unatobolewa tundu jipya, uji tu ndio unaopita kooni. Nikaleta habari ya hospitali tena. Akanijibu kwa kunong'ona, maana kunong'ona ndiko kulikobaki, kwamba gari likishapona ataenda.

Fundi alipitisha waya wa amplifaya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akafunga na kapasita ya kutuliza umeme, mlio ukafa. Akalileta gari mwenyewe nyumbani baada ya alasiri. Watu walijaa uani, mama akatoa viti. Baba alivaa kanzu. Aliwasha injini, akawasha taa kubwa, taa za paa, waipa juu ya kioo kikavu, feni, kila kilichokuwemo, kisha amplifaya. Akaangalia geji. Mshale umesimama katikati, hautikisiki. Sijawahi kuona kazi ya umeme nzuri kama ile, nasema kweli.

Akachukua maiki.

Tukasikia kila kitu. Pumzi ikitafuta njia. Kitu kikikwaruza ndani, kama unaburuta kiti. "Ndugu" haikumalizika, "tangazo" ilitoka nusu, nusu nyingine ikawa upepo, na upepo huo ulitoka kwenye spika nne ukiwa safi kabisa, ukasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Watoto waliokuwa wanacheza huko wakasimama. Baba akajaribu tena. Safari hii alikuwa anajisikiliza, ameinamisha kichwa upande.

Mama alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Ndipo jirani yetu, Mungu ampe anachostahili, akasafisha koo lake zima akasema, "Labda ni maiki, Mzee."

Baba alimtazama. "Maiki nzima," alinong'ona, na spika zikaupeleka ule mnong'ono kwa watu wote. Akazima amplifaya. Akazima taa za paa, taa kubwa, waipa, feni, kimoja kimoja, bila haraka, na mwisho injini. Akakaa mle ndani mikono juu ya usukani. Hakuna aliyejua aondoke vipi.

Hospitalini daktari aliuliza sauti ilianza kukauka lini. Baba alifikiri, akanong'ona, "Tulipoongeza spika." Daktari akanigeukia mimi, akidhani mzee amechanganyikiwa. Nikamtajia mwaka. Akaandika, akaacha kuandika, akauliza kwa nini tumechelewa hivi. Nilikuwa na jibu refu sana la swali hilo, la mtaa mzima, na nikaona aibu kulitoa mbele ya mgeni. Nikasema hatukujua.

Walimpeleka Mwanza, wakamtoa kile kilichokuwa kooni pamoja na sauti yenyewe. Anapumulia tundu shingoni, amelifunika kwa kitambaa cheupe ambacho mama anakifua kila siku. Walituambia pia kwamba kilikuwa kimeshatembea mwilini, na kwamba turudi naye nyumbani tukae naye. Tunakaa naye.

Juzi walikuja watu wa msiba. Niliwaambia kazi hiyo imekwisha, lakini baba alikuwa ameshainuka. Alichukua funguo, akaenda kuliwasha gari, akanifungulia mlango, akanipa maiki. Yeye akaendesha. Nilitaja jina mara mbili, nikanyamaza, akasogeza gari kidogo, nikataja nyumba na saa. Tulizunguka Ujiji, Mwanga, Gungu, tukashuka Bangwe. Nililia njia nzima katikati ya matangazo na kila nikibonyeza maiki nilikuwa sawa. Taa hazikufifia hata mara moja.

Tuliporudi jirani alikuwa barazani anatungoja. Akamwamkia baba shikamoo, akabaki ameinama kidogo, akingoja marahaba ambayo haiwezi kuja. Kisha akaunyoosha mgongo, uso umejaa furaha.

"Leo tumesikia kila neno, Mzee," akasema. "Gari limepona."

Baba akaitikia kwa kichwa.