Harambee Niliyomfanyia Mtu wa Bungoma

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeona ndama wa vichwa viwili upande wa Endebess, nimeona tajiri wa Kitale akiamka maskini kabla ya chai ya saa nne, na nimeona mtu wa digrii akishindwa kuwasha jenereta ambayo mimi niliiwasha kwa kipande cha waya. Kwa hivyo miaka ile ya elfu mbili na kitu, simu ya rangi ikiwa bado ni sifa ya kuonyesha kanisani, watu walipoanza kuniambia ati siku hizi biashara iko kwenye mtandao, sikushtuka. Niliuliza tu huo mtandao unafunguliwa saa ngapi.

Shule niliachia darasa la tano. Nilianza na nyundo moja pale Kipsongo, hapa hapa Kitale, nikinyoosha misumari iliyopinda na kuiuza tena. Kutoka misumari nikaingia majiko, kutoka majiko nikaingia milango, mpaka nikafika kwenye mashine za kupukuchua mahindi. Unamimina mahindi juu, punje zinatoka huku, magunzi yanaruka kule. Wakati wa mavuno, ukisikia ngurumo shambani popote Trans-Nzoia, ujue mkono wangu hauko mbali. Nina nyumba za kupangisha Tuwan, za mawe, si za mabati. Sijisifu. Nasema tu ujue ni mtu wa namna gani aliyefanyiwa haya.

Sasa huyu wa Bungoma. Yeye ni wa rika yangu. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukasimama bega kwa bega tumepakwa matope, baridi inauma. Mimi sikupepesa jicho. Yeye alipepesa, la kushoto, na niliyeona ni mimi peke yangu kwa sababu nilikuwa upande huo. Sikuwahi kumwambia mtu. Kwetu mtu wa rika yako ni zaidi ya ndugu. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ni lazima ucheke. Akikualika, unaenda. Ukimnunia, wazee hawamuulizi yeye kitu, wanakuuliza wewe una kasoro gani.

Kuchomelea vyuma nilimfundisha mimi. Alikuja Kitale hana hata glavu, akakaa kwangu misimu miwili, akarudi Bungoma na mashine yangu yote kichwani. Huko akaiongezea magurudumu mawili. Basi. Magurudumu mawili, ili mkulima aikokote kutoka shamba moja hadi lingine bila kukodi trekta, na watu wote wakasema huyu jamaa ana akili. Toroli pia ina gurudumu, mbona hakuna anayeisifu? Halafu akamwoa mama mmoja, mpiga chapa aliyejifunza kompyuta kule Webuye, ambaye mimi nilimsalimia kwanza. Tulikuwa kwenye foleni ya posta. Nilimsalimia, akaitikia vizuri, akatabasamu, na huyu rafiki yangu alikuwa nyuma yangu amebeba betri ya trekta. Sijui alimwambia nini na hiyo betri.

Hayo yote nilikuwa nimeyameza. Yaliyonikwama kooni yaliletwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kitale, mtu ambaye hukusanya habari kama vile wengine hukusanya chupa. Aliniambia kuna chama cha wakulima upande wa Mbale, ng'ambo ya mpaka, wanataka mashine thelathini za kupukuchua mahindi kabla ya mavuno. Hawamjui fundi yeyote huku kwetu. Wametoa uamuzi kwamba watatafuta kwenye mtandao, na yule watakayemkuta juu kabisa ndiye watakayemtembelea.

Mashine thelathini kwa mpigo. Kutoka Webuye mpaka Kapenguria hakuna fundi wa jua kali aliyewahi kupewa kazi kama hiyo. Anayeipata, hata akifa leo, watoto wa mafundi watatajiwa jina lake. Nilijua jina hilo ni la nani.

Nikaenda saiba, pale unapolipia kompyuta kwa dakika. Mwenye saiba alikuwa mtu mzima mwenye miwani, aliyewahi kufundisha sekondari akachoka. Aliandika yale maneno ya mashine na mahindi, na ukurasa ukaanza kujifungua pole pole, kama mtu anayevuta ng'ombe kutoka kwenye matope. Ulipomaliza kufunguka nikamwona. Wa nne kutoka juu. Amevaa koti la buluu, amesimama mkono mmoja juu ya gurudumu, anacheka na lile pengo lake la meno ya mbele.

Nikauliza mimi niko wapi.

"Wewe hauko, mzee."

"Hebu angalia tena."

Akaangalia tena. Sikuwako. Nina mashine Cherangani, nina mashine Kwanza, nina mashine imekaa kwa mbunge wa zamani, na kwenye dunia yao hiyo mimi sikuwa nimezaliwa.

Nitasema ukweli kwamba siku zile chakula hakikuwa na ladha. Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana nilipita saiba, nalipia dakika zangu, namwangalia. Niliikuza ile picha mpaka nikajua koti lake limekosa kifungo cha pili. Mke wangu aliniuliza kama huko ninaenda kusoma barua za mwanamke mwingine. Nikamwambia ni biashara. Akasema biashara gani inamfanya mtu asage meno akila uji.

Nikaagiza websaiti yangu. Mwenye saiba alinishauri niandike kile ambacho mkulima anatafuta: mashine ya kupukuchua mahindi, inapukuchua magunia mangapi kwa saa, inanywa mafuta kiasi gani, iko Kitale sehemu gani. Alisema injini ya kutafuta hupita ikisoma maneno, na ikikuta maneno yanayofanana na yale mtu ameandika, inakuleta. Injini nazijua bana, nimezifungua tangu ujana wangu, na hiyo ya kusoma ilinitia shaka. Lakini nikakubali nusu. Nusu nyingine tuliweka habari zangu: misumari ya Kipsongo, nyumba za Tuwan, na picha yangu nikiwa nimeegemea pikapu. Picha ilikuwa kubwa hivi kwamba ukurasa ulichelewa kufunguka, lakini mtu wa maana husubiriwa.

Baada ya majuma kadhaa nikaonekana. Ukurasa wa pili, chini ya tangazo la mbegu za kabichi. Yeye bado wa nne ukurasa wa kwanza, bado anacheka.

Hapo ndipo mwenye saiba aliponifafanulia jambo lililobaki. Kusomwa hakutoshi, alisema. Ile injini huangalia pia ni nani anayetajwa kwenye websaiti za watu wengine, kwa yale maandishi ya buluu ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwa mwenyewe. Wengi wakielekeza kwako, inakupandisha. Nikamwambia mbona hakusema mapema. Hiyo si ni harambee? Mtu peke yake hawezi, akiita marafiki anaweza. Na kwa harambee hakuna mtu Kitale wa kunifundisha. Nimekuwa mwenyekiti wa harambee za mabati ya kanisa, za karo, za mazishi, hata moja ya kumnunulia kocha pikipiki.

Nikachapisha kadi. Nikawaita kwa chakula cha mchana wale wote wenye websaiti ninaowajua: mwenye hoteli, mwenye shule ya kibinafsi ambako niko kwenye kamati, muuza mbegu, mchungaji wetu, na mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo. Wote walitengenezewa na mwenye saiba huyo huyo, kwa hivyo naye alikuja, akakaa mwisho wa meza na daftari lake. Tukala mbuzi. Nikasimama nikawaeleza kwamba leo siombi hata senti, naomba kila mmoja mstari mmoja.

Mwenye hoteli akauliza mstari useme nini. Muuza mbegu akasema si useme tu kwamba huyu ni rafiki yetu, mnunulieni mashine.

Maneno hayo yaliniuma. Mnunulieni, kama mtu anayeuza njugu stendi. Nikawaona watu wa Mbale wakisoma kwamba mimi naombewa wateja na mchungaji. Jina langu halijawahi kuombewa. Na hapo hapo nikaona njia iliyo bora, na hata leo nasema kwa akili ya binadamu ilikuwa bora. Ukitaka watu wapite njia nzuri, huhitaji kuisifu, weka tu miiba kwenye ile mbaya. Nikamwamuru mwenye saiba aandike. Kila websaiti iwe na mstari unaosema: Mashine za kupukuchua mahindi, jihadharini na za huyu wa Bungoma. Na hayo maneno yawe ya buluu, mtu abonyeze, apelekwe akajionee mwenyewe lile pengo na hayo magurudumu.

Mwenye saiba akainua kalamu. "Mzee, lakini hii..."

"Wewe andika," nikamwambia. "Umekula mbuzi."

Akaandika. Mchungaji peke yake aliomba neno jihadharini liwe tafakarini, kwa sababu ya utumishi. Nikamkubalia.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja nikakuta rika yangu ametoka wa nne amekuwa wa pili. Nikadhani kompyuta ni mbovu, nikahamia ile ya dirishani. Wa pili. Siku chache baadaye akawa wa kwanza, juu ya kila mtu, juu hata ya kampuni za Nairobi, na mimi niko pale pale na kabichi zangu. Nikamwuliza mwenye saiba ni nani amemfanyia huyu mtu kazi. Akavua miwani akaifuta, akaifuta sana, kisha akasema wateja wamejaa, ngoja awahudumie. Saiba ilikuwa na mimi na paka.

Watu wa Mbale walivuka mpaka pale Malaba wakaenda moja kwa moja mpaka Bungoma. Habari niliipata kwa mwenye duka la vifaa, naye aliileta akiwa amefurahi sana. Mashine thelathini, zote na magurudumu.

Kisha kadi ikaja. Rika yangu anafanya sherehe ya kushukuru, na mgeni wa heshima ni mimi. Niliigeuza ile kadi pande zote mbili. Lakini nimeshakwambia, mtu wa rika yako akikualika, unaenda.

Nilimkuta mke wake langoni. Alikuwa bado na lile tabasamu la posta.

"Karibu, shemeji," akasema. "Asante kwa ile kazi."

Nikamwuliza kazi gani. Akanieleza kwa upole, kama anayemwonyesha mgeni mahali pa kunawa mikono, kwamba yeye ndiye anayeangalia websaiti yao kila jioni, na aliona milango mitano imefunguka ghafla kutoka Kitale, yote inaleta watu kwao.

"Lakini maneno yenyewe uliyasoma?" nikamwuliza.

"Niliyasoma. Injini haijui hasira, shemeji. Inahesabu tu nani ametajwa."

Nikawekwa meza ya mbele. Kuku akaletwa, mzima, na firigisi ikawekwa kwenye sahani yangu mbele ya watu wote. Mtu wa kwetu anajua maana ya firigisi. Hiyo hapewi mtu ovyo. Rika yangu akasimama, koti lile lile, kifungo kimeshonwa. Aliwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kushika moto, na kwamba mimi ndiye niliyeita watu wakubwa wa Kitale wakala mbuzi kwa ajili yake. Watu wakapiga makofi. Nilitafuna.

Halafu akaniinamia, sauti ya chini.

"Rika yangu, yale matusi yako nilicheka mpaka nikaletewa maji. Mama yangu mzazi hajawahi kunitangaza hivyo."

Nikacheka. Ningefanya nini? Ni wa rika. Kama ni mtu mwingine tungekutana kwa chifu, lakini huyu nikinuna, wazee walikuwa wamekaa pale pale wakila, wangeniuliza kasoro yangu. Nikamwambia wewe jicho lako la kushoto bado linapepesa. Akacheka kwa nguvu zaidi, akasema, "Kumbe uliona." Na hivyo hata hiyo akaninyang'anya, siri niliyokaa nayo tangu ujana ikawa mzaha wa dakika moja.

Akasema mashine thelathini ni nyingi kwake, mavuno yanakaribia, nichukue kumi nimtengenezee. Ila nisisahau magurudumu. Nikamjibu karakana yangu imejaa kazi mpaka mlangoni. Siku hiyo karakana yangu ilikuwa na jiko moja lililopasuka, la jirani. Lakini kuna vitu mkono wangu hautengenezi.

Nilidhani imeisha. Kumbe sherehe ilikuwa na mkia. Mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba rika wetu anataka kupanua karakana ili kazi ya Mbale imalizike, basi marafiki wamshike mkono. Diwani wa pale akatoa elfu nane. Kikapu kikaja kwa mgeni wa heshima. Diwani alikuwa ananiangalia, mke wa rika yangu alikuwa ananiangalia, na mimi sijawahi kuwa chini ya diwani. Nikatoa elfu kumi, noti moja moja, nikiziinua juu zionekane.

Ukiweka na websaiti, na kadi, na yule mbuzi, na asubuhi zote nilizolipia kumwangalia akicheka, kumfanya mtu wa Bungoma awe wa kwanza kulinigharimu shilingi elfu thelathini na sita, mia sita na hamsini.