Mgeni Aliyedonolewa na Kitatange

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikianza sitasimama. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, Kijenge, nikiwa mzima na sijaonja hata mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege niliacha mke wangu aliponishtaki kwa mchungaji, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, watu walipoanza kuleta kila kitu kutoka nje. Tajiri yangu, Mama Aikande, Mchaga mwenye maduka ya vitambaa, aliweka sebuleni sanduku la kioo lenye maji ya bahari. Bahari, Arusha! Maji yalikuja kwa madumu, kwenye lori kutoka Tanga. Ndani aliweka samaki wadogo na matumbawe, yale mawe ambayo si mawe, ni viumbe. Yana vidole laini vinavyofunguka na kujikunja. Bibi yangu kule Poli mlimani alikufa hajaonja samaki, alisema ni ndugu wa nyoka, na mimi mjukuu wake nikawa nalipwa kuwalisha. Mshahara huo ndio uliomweka binti yangu sekondari. Sikuwa na kipato kingine.

Kisha Mama akaongeza kitatange wawili, samaki wa njano, wazuri kweli. Muuzaji alimwonya kwamba hao hudonoa matumbawe. Mama akasema, "Wadonoe. Wageni wangu wa Jumapili hawaji kutazama mawe." Basi wakadonoa. Kila asubuhi nilikuta vile vidole vimepungua, ncha zimebaki nyeupe.

Jioni moja, Mama akiwa bado dukani, umeme ulikatika. Nimetoka kuwasha jenereta, nikasikia hodi getini. Nikafungua. Mwanamke wa makamo, kanga zimelowa chapachapa, na mvua tulikuwa hatujaiona tangu kahawa ichanue. Mkononi ana jani la isale. Wewe wa mbali hujui: kwetu Wameru, na kwa Wachaga vilevile, anayekuja na isale anaomba jambo zito, na ukishalipokea huwezi tena kumkatalia. Nilidhani ametumwa na ukoo wa Mama. Nikalipokea kabla ya kumuuliza shida yake. Nani angefanya tofauti?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wale samaki wawili wa njano, watoe leo."

Ndipo nikaona vidole vyake. Ncha zimedonolewa, ndani nyeupe, damu hakuna. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimekwisha kabisa.

"Umeumizwa wapi?"

"Humo ndani kwenu," akasema, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia.

Nikageuka kumvutia kigoda. Nilipomtazama tena, hayupo. Kwenye saruji palibaki maji. Niliyagusa nikaonja. Chumvi.

Sikukimbia. Ningekimbilia wapi, na isale liko mkononi? Niliingia sebuleni nikatazama matumbawe. Tawi dogo la kushoto lilikuwa limeliwa hadi shinani. Nikawachota wale samaki, nikawatia stoo kwenye pipa la maji ya bahari ya akiba, nikawawekea mpira wa hewa.

Mama akarudi. "Mzee, samaki wangu wa njano wako wapi?"

Nikamwonyesha jani, nikamweleza. Alilitazama sana, hakuligusa.

"Umelipokea wewe?"

"Nimelipokea."

"Basi watakaa hukohuko stoo. Lakini wewe kesho usije. Siwezi kukaa na mtu anayefungulia wageni wa namna hii."

Hakupaza sauti. Mchaga mbele ya isale hapazi sauti.

Matumbawe yalipona, mpishi wake aliniambia. Binti yangu alirudi nyumbani bila kumaliza shule, akaolewa kijijini Terrat. Hanilaumu, au hasemi. Na mimi mkono huu wa kulia, uliopokea jani, haujakauka mpaka leo. Niamini. Nauosha kwa maji ya mtoni, naupangusa, punde chumvi imerudi. Kukamua nimekatazwa, maziwa yanaharibika. Ng'ombe ndio waliofurahi; nikiingia zizini wanagombania kuulamba.

Kwa hiyo mtu akikuletea isale, usiangalie jani, angalia kwanza vidole vilivyolishika. Na kama sebuleni kwako umefuga kiumbe anayemla mwenzake polepole, watenge mapema, kabla yule anayeliwa hajaja mwenyewe kupiga hodi.