Mhusika niliyedhani nimemtunga, nilimkuta Liuli akianika usipa

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenipata mwenyewe mwaka huu na sijaongeza chumvi. Atakayekataa namwelewa, hata mimi ningekataa.

Naishi Mbinga mjini, nina kiduka cha stationery. Pembeni naandika riwaya kwenye simu, kila Ijumaa natuma sura moja kwenye group la WhatsApp.

Riwaya inamhusu binti anaitwa Sifa. Waandishi mtanielewa: binti wa namna hii anahitaji mentor, mtu wa kumwonyesha njia, halafu mentor anakufa ili binti asimame mwenyewe. Hadithi kibao za kale ziko hivyo. Na wengi tunamchukua mtu tunayemjua, mwalimu au shangazi, tunambadilisha jina.

Mimi sikumchukua mtu. Bibi wa Sifa alikuja tu kichwani. Mwanamke wa ziwani, jicho la kushoto jeupe. Akitaka kukutuliza anakuwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso, anasema, "Pumua na mimi. Tena. Tena."

Wasomaji walimpenda kuliko Sifa.

Wiki niliyotangaza kwamba bibi atakufa sura ijayo, ikaingia meseji inbox. Mtumaji ni Oswald, fundi pikipiki wa hapahapa Mbinga, naye yumo kwenye group.

"Dada, nani amekusimulia habari za mama yangu mkubwa? Na kwa nini unataka kumuua?"

Nikadhani utani. Akatuma picha.

Jicho la kushoto. Jeupe.

Nilifunga duka saa nne asubuhi hiyohiyo.

Jumamosi tukashuka na Oswald hadi Mbamba Bay, kisha Liuli, anakoishi mama yake mkubwa. Mchana wa jua kali, ziwa limetulia hata mawimbi husikii. Kwa mbali wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda angani kama wingu la moshi, wengi mno, ungesema kuna kitu kinaungua chini ya maji.

Tulimkuta bibi ametupa mgongo, anageuza usipa, vile vidagaa vya ziwani, kwenye kichanja. Hata hodi hatujapiga, akasema bila kugeuka:

"Umekawia, Sifa."

Jamani, mimi siitwi Sifa. Oswald aliapa hajamwambia lolote, na bibi hana hata simu ya tochi.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akaniwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso. Kiganja kilikuwa cha baridi, kwenye jua lile! Nikajikuta napumua kwa kumfuata yeye, sikuamua.

"Najua si Sifa," akasema. "Sifa nilimzika. Wewe ulikuwa kitanda cha pili."

Nikampigia mama yangu palepale, nikamuuliza kama niliwahi kulazwa hospitali ya Liuli.

"Ulikuwa na mwaka na nusu," akasema. "Nimonia. Na mimi nilikuwa hoi kwa malaria, siwezi kusimama. Kuna mama alikuwa anamuuguza binti yake, akakubeba na wewe. Binti yake hakuamka. Wewe ukapona."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Niliona aibu, mwanangu. Wangu alipona. Ningerudi kumwambia nini?"

Nilikaa chini kwenye mchanga, nikalia.

Baadaye nikajituliza. Nikamwambia Oswald, basi ndiyo maana: kiganja, jina la Sifa, jicho, vyote niliviona na kuvisikia nikiwa mdogo, vikabaki.

Oswald akatikisa kichwa.

"Dada, jicho limeharibika mwaka juzi. Zamani alikuwa na macho mazima."

Hilo sina maelezo yake mpaka leo, na sitawadanganya kuwa ninayo.

Kabla ya kuondoka nikamwambia bibi ukweli, kwamba kitabuni nimepanga afe. Akacheka kidogo.

"Kufa nitakufa tu. Huyo Sifa wako ana mama?"

"Hana, bibi. Sikumwandikia."

"Mwandikie."

Nikarudi Mbinga, nikaifuta ile sura ya kifo. Ila iliyonisumbua zaidi haikuwa ya kitabuni, ilikuwa sura ya mama yangu mwenyewe. Wiki mbili alikataa safari ya kwenda kwa bibi. Mara miguu, mara kahawa shambani. Siku ya tatu ya wiki ya tatu nikamkuta amevaa, ameshika kikapu.

Tulipofika Liuli alisimama mbali, kama mtu aliyeitwa polisi. Bibi hakumlaumu, hakumkumbatia. Alisogea tu kwenye mkeka, akaacha nafasi.

Mama akakaa. Wakawa wanachambua usipa pamoja, muda mrefu. Kisha mama akauliza:

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano," bibi akasema. Na akaanza kumsimulia.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujajisifu kuwa umemtunga mtu, waulize waliokulea nani aliwasaidia kukubeba. Na kama kuna jina halitajwi nyumbani kwenu, muulizeni mama leo akiwa bado yupo. Mkishaambiwa, uzi uko wazi, nitamsoma kila mtu.