Kitunga cha M'Lwaboshi

Jumapili, mwezi wa tisa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikaacha, ikarudi tena kama mtu aliyesahau kofia.

Mjukuu wangu alishuka na baiskeli hadi mlangoni, akabana freni kwa nguvu, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia nyumbani kabla yake. Nilitaka kumgombeza kwa ajili ya matope. Nikashindwa, nikakaa. Harufu ile ilinirudisha Kadutu, kwenye mteremko uliopita karibu na nyumba yetu, wakati Wabelgiji wangali hapa nami ningali mtoto wa kike mwenye magoti machafu. Shule yangu ilikuwa fupi, sijui kama nitaweka mambo sawa. Pale nitakapomwonea mtu, mnisamehe.

Papa yangu alikuwa karani wa posta. Alivaa kaptula iliyopigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata sabuni. Lakini moyo wake haukuwa posta, ulikuwa kwenye mashindano ya baiskeli ambayo komite ya parokia iliyaandaa kila mwaka, kutoka Bagira hadi Kadutu. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya usalama wa njia. Alikwenda mwenyewe kwa mzungu wa teritware, mkuu wa wilaya yetu, kuomba barabara ifungwe baada ya misa, akarudi na ruhusa iliyokuwa na mwiba ndani. Mzungu alikuwa amemwambia, kwa Kiswahili chake kigumu: "Mutu mumoja akiumia, inaisha. Hakuna mashindano tena."

Kwa hiyo Papa hakulala vizuri. Kwenye kila kona aliweka mwanaume mwenye mti mrefu na kitambaa chekundu juu yake, ili wapita njia wakikiona wasogee pembeni. Na kabla ya kuanza alijaribu freni za kila mtu: alikaa mwenyewe juu ya porte-bagage, pale nyuma pa kuwekea mizigo, akamwambia mwenye baiskeli ashuke mteremko na kusimama. Kijana mmoja hakuwa na freni kabisa.

"Freni yangu ni muguu, Papa," alisema, akionyesha soli ya kiatu.

"Na muguu ikikatika, utanunua ingine ku duka gani?"

Watu wakacheka, kijana akatolewa. Mimi nilijiona mtoto wa mfalme.

Tonton Safari, mdogo wake Maman, ndiye aliyekuwa mbele siku ile. Nilimwona akitokea juu ya mteremko, ameinama, shati limejaa upepo. Chini yake alikuwa anatembea mama mmoja mwenye kitunga mgongoni, kamba ya mzigo ikiwa imekaza kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mama zetu wa nchi ya Bushi. Alikuwa anakwenda sokoni Nyawera. Mwanaume wa kona aliinua kitambaa, akakitikisa, akapiga filimbi, akaruka. Yule mama hakugeuka. Tonton alibana freni mpaka mpira ukatoa moshi, lakini gurudumu lilikigonga kitunga na mama akaangukia mkono wake wa kuume. Mihogo ikatawanyika hadi mtaroni.

Nitasema na la upande wa Tonton: alitaka kubaki. Wanaume ndio waliomwinua na kumsukuma. "Enda! Enda, tutamutunza!"

Papa alitazama juu, alitazama chini. Wageni wa heshima walikuwa wanasubiri mbele ya kanisa, hawakuweza kuona kona yetu. Akamshika yule mama kiunoni, akamwingiza nyumbani kwetu kwa mlango wa jikoni, na mimi nikaokota mihogo.

Jina lake lilikuwa M'Lwaboshi, maana yake binti wa Lwaboshi. Alitoka kwenye kilima kilicho nyuma ya Bagira. Hakulia. Alikaa kwenye mkeka, ameushika mkono kama mtu anayebeba kuku, akitazama kaptula ya Papa. Nadhani alifikiri ni nguo ya serikali. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Papa, nilipita njia ya wakubwa. Watanifunga?"

Maman alikuwa anapasua shuka kuukuu kwa ajili ya kufunga mkono, akaacha kupasua.

"Hapana, maman," Papa alijibu. "Ukinyamaza, hakuna atakayekufunga."

Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni: tazama Papa yangu alivyo na huruma.

Hospitali hakupelekwa, kwa sababu hospitali wangeuliza. Maman alimfunga mkono kwa vijiti na vitambaa, akamlaza kwenye kitanda changu, akamlisha kama mzazi aliyejifungua jana. Hayo yote aliyafanya vizuri, siwezi kumnyima. Lakini mkono ulivimba, na uvimbe uliposhuka tuliona mkono haunyooki.

Siku aliyotaka kurudi kwake, Papa alijaza kitunga mwenyewe: chumvi, sabuni, mchele, chupa ya mawese, kitambaa cha kujifunga. Maman alimtazama akiweka tena sabuni nyingine.

"Papa Georgine," akamwita kwa jina langu, "tunahama?"

Papa aliisukuma sabuni chini ya mchele. Hakutaka mbeba mizigo, kwa kuwa wabeba mizigo wana midomo. Akasema atabeba yeye, nami nitawasindikiza. Aliweka kitunga kichwani kama wanaume wanavyofanya. Kikaanguka kabla hatujapita nyumba ya jirani. Akakiweka tena, kikaanguka tena, na mchele ukamwagika. Ndipo M'Lwaboshi, kwa mkono wake mmoja, akamgeuza kama mtoto anayevalishwa, akakiweka kitunga mgongoni, akamvutia kamba hadi kwenye paji la uso.

Ndugu zangu, kwetu mwanaume habebi hivyo. Kitunga cha mgongoni ni cha mwanamke. Tulipopanda ule mteremko, watu walitoka hata jikoni.

"Eee karani! Bibi yako ndiye anapiga muhuri ku posta leo?"

"Muache, ameolewa! Walitoa ng'ombe ngapi?"

Nilisogea upande wa pili wa barabara. Nilijifanya natafuta kitu kwenye majani.

Penye kona ile ya ajali, Papa alisimama. Jasho lilikuwa linadondoka kutoka puani. Akaniita bila kugeuza kichwa, maana hakuweza kukigeuza.

"Georgine, panda pale alisimama mutu wa kitambaa. Toa kitambaa yako ya kichwa, inua."

Nikapanda. Nikainua.

"Inua, mwana!"

"Nimeinua, Papa!"

"Juu kabisa?"

"Juu kabisa!"

Akajitahidi kuinua macho, mishipa ya shingo ikasimama. "Mi naona vidole ya miguu yako tu," akasema. Akabaki amesimama palepale, macho kwenye vidole vile. M'Lwaboshi alisubiri mbele, akifikiri Papa amechoka.

Kwake, majirani walipokusanyika, M'Lwaboshi aliwaonyesha Papa kwa mkono wake mzima. "Huyu ndiye aliniokota. Angeweza kuniacha niende gereza." Wakapiga makofi taratibu, kwa heshima. Papa alifungua mdomo. Nilimwona. Midomo yake iliunda neno la kwanza, halafu akaifunga, akaomba maji. M'Lwaboshi akaingia ndani, akatoka na mashanza, yale maziwa yaliyoganda ya kwetu, amefunga kwa jani la mgomba, akampa kwa kuinama.

Mwaka uliofuata hakukuwa na vitambaa juu ya miti. Papa alilaza chini matawi membamba ya mikaratusi, yasiyoweza kuangusha baiskeli, kukatiza barabara yote mbele ya kila kona, na kando yake aliweka mama wa parokia wa kuwashika wenye mizigo mkono na kuwakalisha pembeni mpaka baiskeli zipite. Hakuna mtu aliyeumia tena kwenye mashindano yale, mwaka ule na mingine iliyofuata. Mzungu alimsifu mbele ya watu wote. Papa alitazama viatu vyake.

Nilikuwa nimeshazaa nilipoielewa sentensi ile ya kwenye mkeka. M'Lwaboshi hakunyamaza kwa kutuhurumia, wala sisi hatukumficha kwa kumhurumia. Aliogopa kifungo ambacho hakikuwepo, na Papa yangu, mtu mwema, alimwachia woga ule abaki nao, kwa sababu ulitufaa. Angesema kweli, mashindano yangekufa, na pengine vijana wangeshindana kwa siri, bila mtu wa kulinda kona, wakagonga wengine. Nimeipima mara nyingi. Kila mara mizani inabaki mkononi mwangu, nami sijui pa kuiweka.

Siku ile ya kitunga, tulirudi Kadutu jua limeshazama. Maman alisonga bugali, akafungua jani, akamwekea Papa kipande cha kwanza cha mashanza. Alikitazama, akakisukuma upande wangu.

"Kula, mwana."

Nilikila chote, nikalamba na jani. Kilikuwa kitamu sana.