Fundi Sikio na kadi yenye kelele

Saa tatu asubuhi. Mlango wa kibanda umefunguliwa nusu, na mteja wa kwanza amekaa kwenye stuli huku amefumba macho. Hana usingizi. Ameamriwa.

Mbele yake, juu ya meza, kuna kompyuta isiyo na kasha. Vyuma na waya viko wazi kama kuku aliyenyonyolewa. Katikati imechomekwa kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha za gemu kwenye skrini; nyingine mbili zinasubiri zamu pembeni. Bila kadi nzuri, gari la kwenye gemu linakwenda kwa kudondoka dondoka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Fundi, ile yenye taa inanikonyeza," anasema mteja, mwanafunzi wa chuo ambaye ametafuta hela ya kadi hii muhula mzima kwa kuchapia wenzake kazi.

"Inakonyeza kila mtu, mwanangu. Fumba macho, usikilize."

Mwenye kibanda ni mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, bisibisi imechomekwa kwenye mtandio. Jina la kwenye kitambulisho analitumia benki. Kwingine kote anaitwa Fundi Sikio, kwa sababu hauzi kadi mpaka mnunuzi ameisikiliza ikifanya kazi ngumu.

Wanunuzi wengi wanadhani jina likiwa moja, kadi ni moja. Sivyo. Chipu, ubongo wa kadi, ni ile ile, lakini kila kiwanda kinaivalisha kivyake. Moja fupi yenye feni moja, nyingine ya wastani yenye mbili, nyingine ndefu yenye feni tatu na taa za rangi. Kuna hata toleo lenye memori nusu, linalouzwa kwa jina lile lile. Hilo Fundi Sikio halileti kabisa dukani, maana hataki kugombana na watu.

Mwanafunzi anafumbua macho na kuchagua ya feni mbili. Chumba anacholala wako wawili, na mwenzake ana usingizi mwepesi. Fundi anaifuta vumbi kwa brashi na kuifunga kwenye gazeti. Hajamwambia achague ipi, na hajawahi kumwambia mtu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyechaguliwa kadi na fundi, na hapo ndipo fundi alipokosea.

Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Madereva wenzake walimbatiza Babu Gia tangu akiwa kijana, kwa jinsi alivyokuwa akibadilisha gia mlimani bila lori kushtuka. Akirudi safari, mkewe alimjua tangu kwenye kona. Kwa mlio wa injini alijua lori limebeba au ni tupu, na gia zikichelewa alijua mzee amechoka, akaweka maji ya kuoga jikoni kabla hajafika.

"Wengine wananiuliza nilisomea wapi kusikiliza mashine," anasema. "Nilisomea kwa kusubiri mume."

Ukweli ni kwamba alianza kazi akiwa karani wa ofisi. Fundi wa kompyuta pale alikuwa haji akiitwa, basi akawa anafungua mwenyewe. Ofisi ilipopunguza watu, yeye aliondoka na bisibisi. Mwezi mzuri kibanda kinalipa kodi, ada na umeme. Mwezi mbaya kinalipa kodi.

Miaka miwili iliyopita Babu Gia alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala. Mguu ulirudi kidogo kidogo, maneno yakarudi machache, ila mkono ulibaki nyuma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaambia waziwazi kwamba mkono huo usipotumika kila siku, vidole vitajikunja na kubaki hivyo.

Akapewa mpira wa kubinya. Akaukataa, akasema yeye si mtoto wa kuchezea mpira.

Kilichomwokoa ni kompyuta aliyoiacha mwanawe alipohamia kazini mbali. Ndani yake mlikuwa na gemu ya kuendesha malori. Fundi alitafuta usukani wa mtumba, akaufunga mezani kwa nati. Mzee alikaa, akauangalia, kisha akaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuuweka juu ya usukani. Tangu siku hiyo aliendesha kila asubuhi, na vidole vikaanza kufunguka.

Wifi yake fundi, dada wa Babu Gia, anakaa nao na hanyamazi. Alisema hajawahi kuona mtu mzima anapewa likizo ya kazi akaenda kucheza kazi ile ile. Lakini chai ya dereva alimpelekea mezani, na aliuliza leo wamefika mji gani.

Kisha kadi ya zamani ikafa. Skrini ilijaa mistari ya rangi, ikazima. Fundi akaahidi kadi nyingine, lakini biashara ilikuwa mbaya, na kadi nzuri zote zilikuwa na wateja wake. Wiki zikapita. Mzee akaacha kukaa kwenye kiti. Akawa analala ameelekea ukutani, na kila fundi alipomshika mkono usiku aliukuta umefunga ngumi.

Ilipofika siku ya kuchagua, kibandani kulikuwa na matoleo yote matatu ya kadi moja. Hakufikiria mara mbili. Alichukua ile ya feni tatu, ambayo bei yake ni kodi ya kibanda ya miezi miwili. Haikuenea kwenye kasha la kompyuta, basi akakata kipande cha chuma kwa msumeno, ikaingia. Aliiwasha nyumbani, akaweka sikio. Kimya. Kazi yake yote ni kutafuta kimya kama kile.

Babu Gia alikaa. Picha zilikuwa safi, barabara imenyooka, majani ya miti yanahesabika. Akaendesha hadi kwenye mlima wenye ukungu, ule aliokuwa akiupenda. Katikati ya mlima akaachia usukani.

"Limezima," alisema.

Mkewe akamwambia halijazima, atazame, linakwenda. Mzee akatikisa kichwa. Mkono wa kulia ukateleza kutoka kwenye usukani hadi mapajani, na vidole vikajikunja.

Wifi mtu aliyekuwa mlangoni na kikombe ndiye aliyesema. "Lori gani hilo, wifi? Linapanda mlima kama paka anapita jikoni."

Fundi Sikio anasema alitaka kumjibu vibaya, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake alitazama chini ya meza. Kasha la kompyuta linakaa sakafuni, upande wa kulia. Mguu wa mumewe, ule mguu wa kulia, ulikuwa umeegemea pale, umebanwa kwenye bati kama unatafuta kitu.

Spika zina mlio wa injini, ndiyo, lakini zinatoa sauti mbele, kama redio. Injini ya lori ilikuwa ikimtetemesha kutoka miguuni. Kadi ya zamani ilikuwa kuukuu na ya kelele. Gemu ikifika mlimani, kwenye miti mingi na ukungu, kadi inafanya kazi zaidi, inapata moto, na feni inanguruma kwa nguvu. Barabara ikinyooka, inatulia. Kwa mguu ule, mzee alikuwa anasikia lori likibeba mzigo.

"Mimi niliyekuwa namjua mume kwa mlio tangu kwenye kona," anasema, na anacheka akifuta miwani, "nikamletea gari bubu."

Kesho yake alirudi na ile fupi ya feni moja. Ilikuwa imekaa rafuni muda mrefu, maana kila aliyeisikiliza aliirudisha. Uzuri wa picha ni ule ule, ila inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Aliifunga mwenyewe, akajaza mwanya alioukata kwa kipande cha bati, akakaa pembeni ya mumewe kwenye kigoda.

Mlimani feni ikaanza kupanda. Bati likatetemeka. Mkono wa kulia wa mzee ukapanda kutoka mapajani, polepole, bila kusaidiwa na wa kushoto, ukashika usukani.

Wifi akauliza kutoka jikoni ni nini kile kinachonguruma, au wamewasha jenereta.

"Mzigo," akajibu Babu Gia. Kisha akamgeukia mkewe. "Utingo, funga mlango. Tunapanda."

Sasa kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, Fundi Sikio hukaa kwenye kigoda kile kama utingo wa lori na kupanda mlima mmoja na mumewe. Mtaalamu wa mazoezi amesema kidole gumba na cha shahada vimeanza kushika. Vingine bado.

Ile ya feni tatu imeuzwa. Lakini kwenye droo ya meza ya kibandani, ndani ya soksi safi, kuna feni moja ndogo, kuukuu, ya aina ile ile ya kelele. Wateja wakiiona wanauliza bei, na fundi anafunga droo.

Anajua feni iliyo nyumbani haitadumu, kwa vile anaisikia. Na siku ikisimama, ana mpango wake. Feni hiyo inashikwa na skrubu nne ndogo kama punje za mtama, za kukazwa kwa ncha za vidole.

"Sitaifunga mimi," anasema. "Nitamshikia tochi tu. Ataifunga yeye, kwa mkono wa kulia."