Familia Kumi na Mbili za Deka

Mwaka 1996, katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, Kenya, Deka Ogle alikuwa na kazi ambayo majirani zake hawakuielewa. Walijua tu kwamba anashinda ndani ya kontena lenye kompyuta na feni, wakakata shauri kwamba amepata starehe. Starehe gani! Deka alikuwa mpweke mchana kweupe. Mureithi, bosi wake, fundi wa programu aliyeletwa na shirika la misaada kutoka Nairobi, alikuwa mtu wa kuzungumza na kioo cha kompyuta siku nzima na kuwasahau binadamu.

Mureithi alikuwa akitengeneza programu ya kugawa chakula. Kila alipobadilisha kitu ilibidi akijaribu, na kwenye orodha halisi ya wakimbizi hakuthubutu. Kosa moja tu, watu wanalala njaa. Basi akaandika programu nyingine ndogo ya kufanya majaribio. Ukibonyeza kitufe, inaunda hifadhidata mpya, inanakili humo orodha ya mtaa C wa kambi, inaongeza familia za kubuni, inapiga hesabu ya mgao na kuilinganisha na majibu sahihi. Mwisho inaifuta hifadhidata yote, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Dakika tatu, kwisha.

Familia za kubuni alizitunga mwenyewe kwanza: Abdi Abdi, Ali Mtu, Mama Fulani. Deka alicheka mpaka machozi.

"Bwana Mureithi, hawa hawana baba wala babu. Kwetu Somalia hakuna mtu asiye na jina la baba na la babu."

"Basi andika wewe," Mureithi akasema bila kuinua macho. "Nataka familia kumi na mbili."

Deka akaandika. Majina hakuwa na haja ya kuyabuni. Aliwaweka watu wake, ami zake na binamu zake, wengi wao marehemu. Wa mwisho alimwandika Nuh Ogle Alio, kaka yake, watu watano. Nuh ndiye aliyempandisha yeye na mama yao kwenye lori pale Afmadow, mwaka 1991, walipokuwa wakikimbia kutoka Kismayu. Lori lilikuwa limejaa, akasema atafuata kwa miguu. Mama alikufa Ifo akimngoja, na Deka bado alikuwa anangoja. Siku ile walipoachana Nuh hakuwa na hata mchumba, lakini jaribio lilitaka familia ya watu watano, kwa hiyo dada mtu akamwoza mke na kumpa watoto watatu.

Basi kila jaribio Nuh alikuwepo na jamaa zake, akapata unga na mafuta yake, kisha akafutwa. Deka akaanza kubonyeza kitufe hata pale ambapo hakuna kilichobadilishwa.

"Unajaribu nini?" Mureithi alimuuliza siku moja.

"Naangalia kama bado inafanya kazi."

Asilaumiwe. Alikuwa hana mtu mwingine wa kumwangalia.

Jumanne moja jenereta ilizimika katikati ya jaribio, kabla ya ile hatua ya kufuta. Umeme uliporudi, karani Abdiwali alichapisha orodha ya mtaa C kwa mgao wa kesho yake, na programu ikachukua hifadhidata iliyofunguliwa mwisho, ile ya jaribio, pamoja na familia za kubuni. Kwa macho ilikuwa orodha ya kawaida. Nani angekaa kuhesabu majina?

Asubuhi Deka alikaa kwenye meza ya mgao, akiwawekea alama walioitika. Mwenzake Hanad alikuwa akiita majina kwa kipaza sauti. Lilipoitwa jina la ami yake, Deka alijua papo hapo kilichotokea. Neno moja kwa Hanad lingetosha. Hakulisema. Miaka mitano alikuwa ameuliza hema kwa hema, wala hakuwahi kuwa na kipaza sauti, na pale mbele yake walikaa mamia ya watu wa Kismayu na Afmadow. Akainamisha kichwa, akingoja jina la kaka yake.

"Nuh Ogle Alio, watu watano."

Utaratibu ulikuwa kuita mara tatu. Mara ya tatu alisimama mwanamke mzee, Ramlo, aliyehamishiwa Ifo wiki ile kutoka kambi nyingine.

"Yule wa Kismayu, mwenye kovu kidevuni?" akauliza. "Mnamwita bure. Tulimzika sisi wenyewe njiani, kabla hatujafika mpakani. Ilikuwa homa. Na watu watano wametoka wapi? Alikuwa peke yake, maskini."

"Inna lillahi," Hanad akasema, kisha akamgeukia Deka. "Abaayo, dada yangu, mfute."

Deka akapiga mstari juu ya jina. Alilia baadaye, hemani kwa Ramlo, aliposikia kwamba Nuh alikuwa akisimamisha kila lori na kuuliza kama kuna aliyemwona mama mmoja na binti yake.

Siku ya nne alirudi kazini. Mureithi, baada ya kugombezwa vya kutosha, alikuwa amerekebisha programu yake: sasa ilianza kwa kufuta mabaki ya jaribio lililopita, ndipo iunde hifadhidata mpya. Alimwomba Deka aijaribu. Deka aliivuta kwanza orodha ya familia za kubuni, akaondoa jina moja, kisha akabonyeza kitufe.

Kioo kikaonyesha kosa: familia za majaribio zinazotarajiwa ni kumi na mbili, zilizopatikana ni kumi na moja.

"Nani hayupo?" Mureithi akauliza, vidole vikiwa tayari kuandika.

"Kaka yangu," Deka akasema.