King'amuzi Kutoka Ulaya

Kwetu Pemba walipozima mitambo ya zamani ya televisheni, kila nyumba ilihitaji king'amuzi ili ipate picha. Madukani kule vilijaa tele. Lakini mtoto yuko Brussels, halafu mama atumie king'amuzi cha mjini Chake? Thubutu! Nilikwenda madukani mtaa wa Chaussée de Wavre, nikachagua kikubwa chenye taa nyingi, nikakituma bila kuuliza kama kitashika mawimbi ya kule.

Mama akaalika majirani, akakaanga kaimati. Kikawashwa. Chenga tupu.

Kwangu alisema, "Picha safi, mwanangu. Mungu akuzidishie." Ukweli nimeupata jana kwa dada yangu, alipopiga simu nikiwa ndani ya basi la Evere. Mama aliwaambia wageni kwamba king'amuzi ni kizima, televisheni ndiyo imekufa. Akaibeba mbele yao, akaifungia stoo.

Televisheni ile aliinunua marehemu baba, na haina ubovu wowote. King'amuzi changu bado kipo sebuleni, peke yake juu ya meza, kimefunikwa kitambaa alichokidarizi mama mwenyewe.